Bahari Ilipofika Kilema

Valeria wa Basili alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kuijua bahari, na kwa miaka mingi ujuzi huo haukumletea sifa yoyote nyumbani. Kilema ni nchi ya migomba na kahawa, nchi ya watu wanaoamka na kuutazama mlima kabla hawajamtazama jirani. Alipomaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, baba yake alitaka awe daktari, au basi mwalimu, mtu ambaye kazi yake inaelezeka mbele ya watu baada ya misa. Yeye akaenda kusomea maji ya chumvi. Kila Basili alipoulizwa binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko Unguja, serikalini," kisha akageuza mazungumzo.

Septemba ya mwaka 1997 alikuja likizo kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa kaka yake. Alishuka basi Moshi mchana, vumbi likiwa limetanda hadi kwenye majani ya miti, akapita kwanza Pasua kwa Shangazi Zita, dada wa baba yake, aliyekuwa akiuza samaki wakavu barazani kwake. Mwaka huo masinia yake yalikuwa karibu matupu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila kitoweo usiniulize. Mtu wangu wa Tanga ananiletea vidole vya samaki, si samaki. Anasema bahari imewanyima."

Valeria akaketi kwenye kigoda, akaokota samaki mmoja, akamgeuzageuza. Alikuwa mdogo kuliko alivyopaswa kuwa kwa msimu ule.

"Bahari ina joto, Shangazi. Unajua mchuzi ukitulia, mafuta yanavyokaa juu? Ndivyo ilivyo sasa. Maji ya moto yamelala juu, ya baridi yamebaki chini. Chakula kinachoanzisha maisha yote ya samaki kinatoka kule chini, kwenye baridi, nacho hupanda pale maji yanapochanganyika. Mwaka huu hayachanganyiki. Samaki wanahama, na wanaobaki wanadumaa."

"Na joto hilo limetoka wapi?"

"Kila mwaka upepo unasukuma maji ya moto kwenda mbali, upande wa Sumatra. Safari hii upepo umelegea, umegeuka. Maji yale yanarudi huku kwetu na kujilundika. Na maji ya moto hayakai kimya. Yanapanda na kuwa mawingu."

Zita akaacha kufukuza nzi. Aliinua macho kaskazini, mlima ulikokuwa umejificha nyuma ya vumbi.

"Mawingu hayo yakija, yatagonga wapi kwanza?"

"Kwetu," Valeria akasema.

"Umemwambia baba yako?"

"Baba hapendi habari za bahari."

"Hapendi kwa sababu hujawahi kumwambia habari ya bahari inayomhusu. Nenda kamwambie."

Aliyoyakuta Kilema yalimtia hofu. Vuli ya mwaka uliopita iliwatupa, na ukame ulikuwa umewafundisha watu ujasiri mbaya. Mfongo wao, ule mfereji wa asili uliochimbwa na mababu kuleta maji ya mto hadi kwenye vihamba, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, ulikuwa unatiririsha uzi wa maji tu. Juu, kwenye banio ambapo maji huchukuliwa mtoni, palikuwa na mlango wa zamani wa kutolea maji ya ziada, yanayomwagika kwenye korongo kavu. Sasa wanamfongo walikuwa wameamua kuuziba mlango huo kwa mawe na saruji, ili tone lolote lisipotee. Na ndani ya korongo lenyewe Beatha, mjane aliyenyang'anywa kihamba na shemeji zake, alikuwa amejenga kijumba na kupanda maharage, kwa kuwa udongo wa pale ulikuwa bado na unyevu.

Valeria alitembea kandokando ya mfongo hadi pale unapopinda juu ya shule ya msingi. Hakuhitaji mtu kumweleza. Mlango ukizibwa, na mto ukafurika, maji yote yangefuata mfongo, yangeushinda pale kwenye kona, na kushukia shule na nyumba zilizo chini yake.

Jumapili baada ya misa wanamfongo walikusanyika uwanjani. Mzee Sirili, msimamizi wa mfongo, alikaa kwenye kiti, wengine wakasimama. Basili alisimama mbali naye, kama alivyozoea. Wawili hao walikuwa majirani wasiosalimiana, kwa ajili ya kipande cha ardhi mpakani, tangu Valeria akiwa mtoto wa kubebwa.

Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa. Alieleza habari ya bahari kama alivyomweleza shangazi yake, akaomba mlango usizibwe, bali upanuliwe, na Beatha ahamishwe korongoni.

Gidioni, mnunuzi wa kahawa, mtu mwenye sauti ya kusikika bila kujitahidi, akacheka kwa upole. "Dada, sisi kiu inatuua, wewe unatuambia tufungue maji yaende zake. Hiyo bahari ina shida gani na sisi? Mto wetu unatoka mlimani."

"Unatoka mlimani, kaka, lakini mlima unanyeshewa na mawingu, na mawingu yanatoka baharini."

"Haya. Mvua hiyo, una hakika itanyesha?"

Valeria alijua kwamba neno moja lingemtosha, na alijua hawezi kulisema.

"Hakika sina. Dalili ni kubwa kuliko nilivyowahi kuziona. Lakini hakika sina."

Basi hapo shauri likaisha. Watu walitazamana, mmoja akakohoa, Mzee Sirili akasema mlango utazibwa Alhamisi, kila nyumba ilete mtu na jembe, na asiyekuja atatozwa pombe ya mbege. Valeria alirudi nyumbani nyuma ya baba yake, uso ukimwaka.

Jioni ile ile, wakiwa wamekaa jikoni kusubiri ndizi ziive, Basili akauliza bila kumtazama, "Hizo dalili umezionaje? Bahari unaipima kwa kidole?"

Alikuwa hajawahi kumwuliza swali kuhusu kazi yake. Valeria alikwenda kwenye begi lake akatoa picha ya eksirei, kubwa, nyeusi na nyeupe, akaishika mbele ya dirisha ili mwanga wa mwisho upite ndani yake.

"Huu si mfupa wa mtu, Baba. Ni tumbawe la Mafia. Tumbawe ni kiumbe, linajijenga jiwe lake kidogo kidogo kila mwaka, kama mti unavyoongeza mduara. Tulilitoboa tukatoa kipande kirefu. Mistari hii ni miaka. Tukipima kila mstari tunajua mwaka ule maji yalikuwa ya moto au ya baridi. Tazama, huku chini ni zamani za Wajerumani. Kadiri tunavyopanda, joto linaongezeka, polepole, kizazi hadi kizazi. Na kuna miaka inayoruka juu ya mingine. Huu hapa umeruka kuliko yote. Mwaka huu wetu unaelekea kuufikia."

"Ni mwaka gani huo?"

"Sitini na moja."

Basili alichukua ile picha mkononi. Aliishika muda mrefu, mwanga ukififia, mpaka mke wake akaja kuwasha kibatari.

"Sitini na moja," akasema. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mvua ilianza mwezi wa kumi ikakataa kukoma. Mto ulikata mfongo pale kwenye kona. Ulimchukua mama yake Sirili na nyumba yake. Uhuru ulitukuta tunatafuta mwili." Akaigeuza ile picha mkononi. "Nani aliwaambia watu wa Mafia?"

"Hakuna aliyewaambia, Baba. Joto lile ndilo lililoleta mvua ile. Tumbawe liliandika upande wake, ninyi mkauona upande wenu."

Asubuhi yake Basili alivaa koti lake la kanisani, akaenda nyuma ya nyumba, akakata jani la isale. Mkewe alipoliona alisimama na ndoo mkononi. Kwa Wachaga isale haibebwi ovyo. Anayekuja na jani hilo amekuja kujishusha, na anayeletewa hawezi kumfukuza.

"Unampelekea nani?" mkewe akauliza.

"Sirili."

"Baada ya miaka yote hii? Kwa ajili ya ile ardhi?"

"Kwa ajili ya huyu mtoto. Sirili hatamsikiliza binti wa adui yake. Acha kwanza nisiwe adui."

Valeria alisikia kutoka chumbani. Alikaa kitandani na machozi yakamtoka, akayaacha.

Jua lilipopanda, wazee wawili walikuja pamoja wakipita kati ya migomba, Sirili mbele, Basili nyuma. Valeria akatoka kuwapokea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lete hiyo picha."

Sirili aliitazama uwanjani, akiiinua juani. Alimtaka Valeria amwonyeshe mstari wa sitini na moja, akauwekea ukucha wa kidole gumba. Hakulia, wala hakutikisa kichwa. Aliuliza maswali kama mtu anayenunua ng'ombe: maji yana joto kiasi gani sasa, joto linaongezeka au limesimama, mvua ikija, itaanza lini. Kila asilolijua, Valeria alisema hajui. Aliona kwamba jibu hilo halikumwudhi mzee.

"Jana nilikataa maneno yako kwa sababu ulisema huna hakika," Sirili akasema mwishowe. "Usiku nimefikiri. Mwaka ule mganga wa mvua alikuwa na hakika. Alituambia mvua imekwisha, turudi majumbani, mama yangu akarudi." Akamrudishia picha. "Nikipanua mlango na mvua isinyeshe, tumepoteza jasho. Nikiuziba na mvua ikanyesha, tutazika tena. Jasho linarudi. Vaa viatu, twende kwenye banio."

Valeria akasita. Kwa desturi mwanamke hakanyagi banio, na wanawake wa Kilema walikunywa maji ya mfongo maisha yao yote bila kuona yanapoingilia.

"Twende," Sirili akarudia. "Mwenye kujua maji yatokako atashindwaje kuona yapitapo?"

Alhamisi watu walikuja na majembe kuziba mlango, wakakuta msimamizi amesimama na kamba na vigingi, amekwishapima upana mpya. Gidioni alinung'unika, wengine pia, lakini neno la Sirili kwenye mfongo lilikuwa sheria. Na walipomwona Basili anachimba bega kwa bega na Sirili, kunung'unika kulipungua nguvu. Watu walikuja kutazama kwanza, kisha wakavua mashati.

Ilibaki habari ya Beatha. Mlango ukipanuliwa, maji yote ya ziada yangeshukia korongoni, na yeye alikataa kutoka. Alikaa kizingitini, mikono juu ya magoti.

"Nilifukuzwa kihamba cha mume wangu, nikanyamaza," akamwambia Valeria. "Sasa na wewe, mwanamke mwenzangu, unanifukuza kwenye mawe. Niende wapi?"

Alirudi kwa wazee akawaambia kwamba hatakubali mlango ufunguliwe juu ya kichwa cha mjane, hata kama mto ungemeza shule. Basili na Sirili walitazamana. Walikwenda kando, wakazungumza Kichaga kwa sauti ya chini. Kisha wakashuka pamoja hadi mpakani mwao, kwenye kile kipande walichogombea hata watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja, wakang'oa isale za mpaka, kila mmoja upande wake, wakazipanda upya kuzunguka kipande kizima. Beatha aliitwa.

"Hapa ni kwako," Sirili akasema. "Mimi nasema, na Basili anasema."

Yule mama alitembea kuzunguka ile ardhi, akaokota donge la udongo akalivunja mkononi. Siku ya pili vijana walibomoa kijumba chake, wakabeba mabati na miti, wakakisimamisha upya.

Valeria aliomba ofisi yake likizo zaidi. Mkuu wake akakubali kwa sharti kwamba awe anapima mvua ya mteremko, naye akamtumia vyombo vya kupimia kwa basi. Lakini Oktoba ilianza na anga jeupe. Watu walipopita nyumbani kwa Basili walimsalimia Valeria kwa heshima iliyozidi kidogo, namna watu wanavyomsalimia mtu aliyefiwa. Gidioni alisimama mara moja akamwuliza kama bahari imepotea njia. Valeria aliamka kila alfajiri kutazama anga, akala kidogo, akakonda.

Kisha mawingu yakaja kutoka mashariki, mazito, yenye rangi ya chungu kilichotoka motoni. Mvua ya kwanza ilinyesha watu wakiwa sokoni, wakaipokea kwa vigelegele. Iliponyesha tena kesho yake waliicheka. Ilipopita wiki haijakata, kicheko kikaisha. Redioni walianza kuitaja El-Nino, na jina hilo likaingia midomoni mwa watu hadi watoto wakaanza kuwaita wenzao wakorofi kwa jina hilo. Barabara za chini zilikatika. Habari zilifika kwamba mifongo ya majirani imepasuka upande huu na upande ule.

Ulikuwa mchana wa Novemba, watoto wakiwa darasani, mto uliposhuka. Valeria alikuwa anasoma kipimo cha mvua aliposikia mngurumo, akadhani ni lori, kisha akakumbuka kwamba lori haliwezi kufika. Alikimbia kupanda banioni. Alimkuta baba yake pale, na Sirili, na wanaume wengine, wamelowa, wanatazama. Maji yalikuwa mekundu, yakibeba migomba mizima na mawe yaliyogongana kwa sauti ya kutisha. Yaligonga banio, yakapanda, yakatafuta njia.

Yakaipata. Ule mlango mpana uliyapokea yote kwa mkupuo mmoja, na korongo likajaa toka ukingo hadi ukingo. Pale palipokuwa na nyumba ya Beatha palipita jiwe kubwa kama gari, likaviringika kama chungwa.

Lakini gogo la mti lilikuja likakwama mlangoni, likaanza kukusanya matawi. Maji yakapanda tena, yakaanza kuingia kwenye mfongo, kuelekea kona ya juu ya shule.

"Lifungwe kamba," Sirili akapaza sauti. "Livutwe upande wa juu."

"Upande wa chini, Mzee," Valeria akasema. "Mkilivuta juu mnapigana na mto. Likigeuka likatazama chini, mto wenyewe utalibeba."

Sirili hakubishana. Gidioni ndiye aliyejifunga kamba kiunoni. Huyo huyo Gidioni, mwenye watoto wawili katika ile shule, alitambaa juu ya ukuta wa banio, akapitisha kamba kwenye shina, akarudi akiwa mweusi kwa matope. Wote walishika, Valeria katikati yao, miguu ikizama, viganja vikichubuka. Gogo lilikataa, likakataa, kisha likageuka kichwa na kuondoka kama lililoitwa. Mlango ukapumua. Maji ya mfongo yakashuka, yakarudi ndani ya kingo zake, na kule chini kengele ya shule ikagongwa kama kila siku, saa ya kutoka.

Walikaa kwenye matope, wakihema. Kisha Sirili akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye ameshika deni la mto kwa miaka mingi na leo amelipwa, na wote wakaambukizwa, hata Basili, ambaye hakuwa mtu wa kucheka.

Mvua iliendelea hadi mwaka mpya. Kilema ilipoteza migomba, ikapoteza kahawa iliyooza maua, lakini haikupoteza mtu. Krismasi, mbele ya kanisa, mgeni kutoka Mwika alimwuliza Basili habari za binti yake, na Basili akamweleza tumbawe la Mafia, na joto, na upepo wa Sumatra, kwa kirefu sana, mpaka mgeni akatafuta pa kuegemea. Valeria alisikiliza kwa mbali. Baba yake alikosea mambo mawili matatu, naye hakumsahihisha.

Hata hivyo yeye mwenyewe alijua kwamba joto lile lilikuwa na gharama mahali pengine. Aliporudi Unguja aliyakuta matumbawe yakianza kuwa meupe, mengi yakifa. Alizama, akayahesabu, akaandika. Ilikuwa kazi ya huzuni. Kilichomshikilia ni kwamba sasa alijua kuna watu, mbali na juu, wanaongoja kusikia.

Na kweli waliongoja. Septemba iliyofuata walimwita. Uwanja ulijaa kuliko mwaka uliotangulia, na waliokuja walikuwa wa mifongo mingi, hata kutoka ng'ambo ya mto. Wanawake walikuwa wamekaa mbele, Shangazi Zita kati yao, amepanda kutoka Pasua kwa sababu, alisema, samaki wake walikuwa wameanza kunenepa na alitaka kujua maana yake.

"Maana yake bahari imepoa," Valeria akawaambia. "Maji yanachanganyika tena, chakula kinapanda, samaki wanashiba. Kwa Shangazi ni neema. Kwa shamba, nina wasiwasi. Bahari ya upande wetu ikipoa hivi, vuli huwa fupi. Hakika sina."

"Tunajua huna," Gidioni akasema, akisimama. "Tuambie tuchimbe wapi."

Safari hii walichimba nduwa, bwawa la kuhifadhia maji, juu ya kona ya shule, na kulikandika kwa udongo wa mfinyanzi. Wanawake walichimba pamoja na wanaume, na hakuna aliyekumbuka kuwakataza. Mvua chache za Oktoba zililijaza. Kisha mvua ikakoma, na Novemba ikapita kavu, na kwa majirani wasiojiandaa maharage yakasinyaa yakiwa na maua.

Asubuhi ya siku ya kufungua nduwa, Mzee Sirili alimwita Valeria mbele, akampa mpini wa ubao wa mlango wa bwawa.

"Inua."

Aliinua. Ubao ulikuwa mzito, umevimba kwa maji, akaegemea kwa mwili wote hadi ukaachia. Maji yakatoka yakiwa safi, ya baridi, yakaingia kwenye mfongo, yakakimbia chini kati ya migomba, na nyumba baada ya nyumba watu wakaanza kuitana kwamba yamefika. Beatha alikuwa tayari shambani kwake, kati ya zile isale, ameshika jembe, akiyaongoza mstari kwa mstari kwenye maharage. Valeria aliyafuata maji hadi mwisho wa mfongo, akitembea taratibu, na kila aliyekutana naye njiani alimpa mkono wenye udongo.